Gemu Nne za Kiroboto

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa sebuleni, kidole changu kiko juu ya neno ACHA na jasho linanitoka. Wengi mmeniandikia. Mmoja amesema haya ni maajabu, mtu mzima mwenye mvi zake anahangaika na gemu za kompyuta. Mwingine amesema nibofye tu yaishe. Asanteni sana. Siku ile sikubofya, mke wangu aliingia nikafunika kompyuta kama mwizi. Lakini Jumamosi nilibofya, na laiti mngejua kilichonipata.

Wewe unayenisoma leo mara ya kwanza, nakupa kwa ufupi. Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Nakaa chumba cha nyuma cha kliniki, katikati ya plasta na nta, wagonjwa hawanijui kwa sura ila wanatafuna kwa kazi ya mikono yangu. Mke wangu ni karani wa maktaba ya chuo. Tuna mtoto mmoja, binti wa miaka ishirini na miwili. Tangu anatambaa tulimwita Kiroboto, maana ukimweka hapa unamkuta kule.

Miezi kumi na minne iliyopita Kiroboto aliacha masomo ya ufundi wa meno. Masomo yenyewe nilimlazimisha mimi. Siku hiyo nikamwambia neno ambalo nilishalikiri hapa na nitalikiri tena: "Ukitoka mlango huo, usirudi mpaka akili ikurudie."

Akatoka. Namba yake ya simu ikawa haipatikani, marafiki zake wakawa hawajui kitu, na mimi nikabaki na kitu kimoja tu cha kunishikiza kwake, kifurushi cha gemu.

Kuna kampuni huko mtandaoni, unajiunga, kila mwezi wanakupa gemu nane. Nilijiunga Kiroboto akiwa na miaka kumi na mitatu, kwa sharti moja: yeye anachukua nne, na mimi ananiachia nne. Gemu ikishachukuliwa, picha yake inafifia na inawekwa alama ya vema. Mimi si mchezaji jamani. Kuna gemu moja ina daraja la kamba, na kwenye daraja hilo nilikufa mara sitini na tatu, Kiroboto akihesabu huku amejishika mbavu.

Alipoondoka nilijua basi, imekwisha. Mwezi wa kwanza nikafungua ule ukurasa. Nikakuta gemu nne zimefifia.

Nne! Nililia palepale kazini, mbele ya meno ya watu. Mwanangu alikuwa na paswedi, mwanangu alikuwa mzima, mwanangu alikuwa na kompyuta mahali fulani na bado anakumbuka kwamba zangu ni nne. Ukurasa ule hauna mahali pa kuandikiana, ni kuchukua gemu na kwenda zako. Lakini mimi sikuhitaji barua. Nikawa nasoma gemu.

Mwezi aliochukua gemu ya bustani nikasema moyo wake umetulia. Alipochukua ya kuendesha basi nikasema amepata kazi ya mbali. Mwezi mmoja alichukua gemu ya harusi ya paka, sikulala siku tatu. Ni nani huyo anayemwoa mwanangu bila kunijulisha?

Hivyo ndivyo nilivyoishi mwaka mzima. Ndiyo maana mke wangu alipoanza kuniambia nijitoe, nilimwona hana huruma.

Sasa tuje Jumamosi yenyewe.

Siku ya mwisho ya kuamua ilikuwa ni hiyo, kabla ya saa sita mchana. Ukijitoa huruhusiwi kurudi, ndivyo walivyoandika, kwa maandishi mekundu. Usipojitoa wanakukata mwezi mwingine. Asubuhi mke wangu alikuwa anapiga pasi.

"Umeamua?" akaniuliza.

"Bado."

"Baba watoto, tunalipia gemu ambazo humu ndani hakuna anayezicheza."

"Anacheza mwanao!"

Akageuza shati upande wa pili. Hakunitazama.

"Jitoe," akasema taratibu. "Nakuomba. Leo. Jitoe tupumzike."

"Tupumzike na nini? Na mtoto?"

Pasi ikabaki palepale mpaka nikasikia harufu ya shati kuungua. Nilitoka nikiwa nimefura, hata mlango sikuufunga vizuri.

Kwa kweli hasira zangu hazikuwa za mke wangu. Kuna jambo sikuwa nimemwambia mtu. Mwezi uliopita gemu zilizochukuliwa hazikuwa za Kiroboto ninayemjua. Hakuna bustani, hakuna paka. Ilichukuliwa ya mapanga, ya ngumi, ya mbio za pikipiki na ya nyumba yenye mizimu. Zilizoachwa zilikuwa za upole tupu: kuvua samaki, kupanga matofali, kupika mikate, kufuga kuku.

Mwaka mzima binti ananichagulia amani, halafu ghafla damu. Hapo nikajua kuna mtu mwingine ameshika ile paswedi.

Nikamweleza Dada wa Mapokezi pale kliniki. Dada huyu akikaa nyuma ya ile meza yake hakuna siri ya mji inayompita, na ushauri anautoa hata hujamaliza swali.

"Mapanga na ngumi?" akasema. "Fundi, hapo kuna mwanamume."

"Usiseme hivyo."

"Nisiseme nini? Binti amempa mhuni wake paswedi. Yeye mwenyewe labda hata kompyuta hagusi tena. Wewe unalipa, mhuni anakula raha."

"Sasa nifanye nini?"

"Vitu viwili. Jitoe, halafu badilisha paswedi leo hii. Huyo mhuni akikuta mlango umefungwa atamfuata binti, binti atakutafuta. Hata kwa matusi, lakini atakutafuta."

Nilifikiri. Kweli, hata matusi. Mtu aliyekaa miezi kumi na minne bila kusikia sauti ya mwanawe, matusi kwake ni maongezi.

Nikaingia chumbani kwangu, nikafungua kompyuta pembeni ya meno ya bibi mmoja aliyekuwa anayasubiri. Saa sita kasoro dakika saba. Nikabofya ACHA. Wakaniuliza kama nina uhakika. Nikabofya ndiyo. Wakaniuliza tena, wakasema watanikosa. Nikabofya ndiyo. Halafu nikabadilisha paswedi ile ya miaka yote, nikaweka nyingine ndefu ambayo hata mimi niliiandika kwenye karatasi.

Meno ya yule bibi nikayaweka kwenye kisanduku cha mgonjwa mwingine. Yalirudishwa mlangoni, lakini aibu niliyoipata naomba tuiache.

Nilifika nyumbani saa nane na nusu. Mke wangu alikuwa amekaa mezani na chai ambayo hajainywa.

"Nimejitoa," nikasema.

Alifumba macho. Akavuta pumzi ndefu, akaweka mikono usoni, mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia kwa ajili ya mtoto, nikamsogelea.

"Usiniguse kwanza," akasema. "Nina neno. Nikikuambia utanichukia, lakini siwezi kulibeba tena."

"Neno gani?"

"Gemu alikuwa hachukui Kiroboto."

Nikatabasamu. Jamani, nilitabasamu! Nikadhani naye ameshagundua habari za mhuni.

"Najua," nikasema. "Kuna mwanamume."

"Mwanamume gani? Nilikuwa nachukua mimi."

Sikumwelewa. Nilimwambia arudie, akarudia. Nikavuta kiti nikakaa.

"Mwezi ule wa kwanza," akasema, "ulikaa hapo ulipokaa sasa. Ulisema, 'Kesho nitafungua nione kama amechukua. Asipochukua, mimi nimekwisha.' Unakumbuka? Ulikuwa huli. Suruali ilikuwa inakudondoka. Asubuhi nikafika maktaba kabla ya wenzangu. Paswedi uliiandika mwenyewe nyuma ya kalenda. Nikachukua nne."

"Zipi?"

"Zipi kitu gani?"

"Ulichagua zipi, kwa nini hizo?"

"Za juu," akasema. "Nilikuwa nachukua nne za juu. Kila mwezi. Mimi gemu najua nini?"

Nne za juu! Bustani ilikuwa juu. Basi lilikuwa juu.

"Hata harusi ya paka?" nikauliza.

"Ilikuwa ya tatu kutoka juu."

Sijui niwaeleze vipi. Mwaka mzima nimekaa na mtoto ambaye hayupo. Nimefurahi naye, nimemwogopea, nimemwombea kwenye kazi yake ya mbali, kumbe nilikuwa nasoma mpangilio wa picha kwenye skrini. Nilitaka kumpigia kelele mke wangu. Nilifungua mdomo kabisa. Nikamwona alivyokonda na yeye, kumbe kipindi chote hicho mimi niliangalia suruali yangu tu.

"Ndiyo maana ulitaka nijitoe," nikasema.

"Nilichoka kukudanganya. Kila mwezi unarudi na habari zake, eti leo ametulia, eti leo amepata kazi. Unanieleza mimi! Nikienda chooni nalia. Nikasema ukijitoa mwenyewe, uongo utakufa bila mimi kuutaja. Halafu umesema umejitoa, nikaona siwezi. Nisamehe."

Nje mtu alikuwa anapigilia misumari, na mimi nikawa nahesabu ile misumari ili nisifikiri.

Halafu kitu kikanijia. Nilikiuliza kwa uchovu tu, wala si kwa kutafuta jambo.

"Sasa mwezi uliopita ndiyo ukaamua kuchukua za mapanga?"

"Mapanga gani?"

"Mapanga, ngumi, pikipiki, mizimu. Zile nne."

Akaniangalia.

"Mwezi uliopita sikuchukua kitu," akasema. "Nilisema potelea mbali, afungue azikute zote nane, alie yaishe. Nikangoja ulie. Hukulia, ukawa umenuna tu. Nilidhani umechukua wewe."

"Mimi sijagusa."

"Na mimi sijagusa."

Misumari ilikuwa imenyamaza. Mke wangu akasimama, akaketi, akasimama tena.

"Zilizobaki zilikuwa zipi?" akaniuliza.

"Samaki. Matofali. Mikate na kuku."

"Baba watoto." Alinishika bega kwa nguvu mpaka likauma. "Miaka yote ile akiwa hapa, alikuwa anakuachia zipi?"

Sikuwa na haja ya kufikiri. Tangu lile daraja la kamba, alikuwa ananiachia zile ambazo mtu hafi. Alikuwa anazipitia moja moja, anasema hii baba utaweza, hii baba utavunja kompyuta. Za vita alikuwa anachukua mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye aliyezipenda, tangu ana miaka kumi na mitatu anapenda ngumi na mizimu. Nilimsahau mwanangu nikamzoea yule wa kwenye bustani.

Alikuwa amekuja. Mwezi uliopita, baada ya mwaka mzima, amekuja mwenyewe, amechukua zake nne na kuniachia zangu. Na mimi nimemwita mhuni nikamfungia mlango.

"Fungua!" mke wangu akapiga kelele. "Fungua hiyo kompyuta!"

Nilifungua. Kwenye ukurasa waliandika kwamba wamepokea ombi langu la kujitoa, halirudishwi, na akaunti itafungwa mwisho wa mwezi. Nikaitazama saa. Saa tisa kamili. Kila mwezi, siku kama hiyo saa tisa, ndipo gemu mpya huonyeshwa, na Kiroboto tangu utoto wake alikuwa hakosi dakika.

Simu yangu ikalia mlio wa ujumbe. Nikausoma kwa sauti.

"Kuna mtu amejaribu kuingia kwenye akaunti yako kwa nenosiri lisilo sahihi."

"Ni yeye!" mke wangu akasema.

Ujumbe wa pili ukaingia. Maneno yaleyale.

"Rudisha ile paswedi ya zamani! Upesi!"

Nikaenda mahali pa kubadilisha. Nikaandika ile ya zamani, herufi kwa herufi. Mtambo ukajibu: Nenosiri hili ulishawahi kulitumia. Chagua jingine. Nikaiandika tena. Ulishawahi kulitumia. Nikaigonga meza kwa ngumi, vikombe vikaruka.

Ujumbe wa tatu.

"Iandike polepole, labda umekosea," mke wangu akasema huku analia.

"Sijakosea! Wanaikataa kwa sababu ni yangu!"

Tukangoja wa nne. Haukuja. Badala yake ukaja mwingine, mrefu zaidi. Umeomba kubadilisha nenosiri ulilosahau. Chini yake kulikuwa na namba sita. Wamesema zitumike ndani ya dakika kumi na asipewe mtu.

"Mimi sijaomba kitu," nikasema.

"Ameomba yeye. Sasa kwa nini zimekuja kwako?"

"Kwa sababu simu iliyosajiliwa ni yangu."

Tukatazamana. Tulielewa kwa pamoja.

"Kwa hiyo akizitaka…"

"Lazima anipigie."

Tuliiweka simu katikati ya meza, tukakaa huku na huku kama watu wanaosubiri majibu ya hospitali. Dakika ya kwanza ikapita, na ya pili.

"Akipiga utasema nini?" mke wangu akauliza.

"Nitasema nisamehe."

"Usianze hapo, atakata. Muulize kama amekula."

"Mtoto ameondoka mwaka mzima, nimuulize kama amekula?"

"Basi usiulize masomo. Nakuomba kwa chochote unachokipenda, usiulize masomo."

Dakika ya tano simu ikaita. Niliidaka kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Fundi!" Ilikuwa sauti ya Dada wa Mapokezi. "Vipi, mhuni amejitokeza?"

"Kata simu!"

"Ala! Mtu nakujali…"

Nikakata. Je, kama alipiga wakati ule ule, akakuta ninaongea? Mke wangu alisali kimyakimya, midomo ikicheza. Mimi sikuweza hata kusali, nilikuwa nazisoma zile namba sita mpaka zikapoteza maana. Dakika ya saba. Ya nane.

Ya tisa, simu ikaita. Namba siijui. Mke wangu akabofya na kuweka spika.

"Shikamoo, mzee." Ilikuwa sauti ya mwanamume.

"Marahaba," nikasema.

"Samahani kwa usumbufu. Kuna namba zimeingia kwenye simu yako muda huu. Nimeambiwa nikuombe."

"Umeambiwa na nani?"

Nikasikia kitu kama kiti kinasogezwa.

"Yuko hapa, mzee. Amesema haongei. Anaomba namba tu."

Mke wangu aliinamia simu, pua yake karibu iguse meza. "Mwanangu! Kiroboto! Ni mama!"

"Anakusikia, mama," yule mtu akasema, na sauti yake ilikuwa ya aibu, kama mtu aliyetumwa kazi asiyoipenda. "Anaomba namba tu."

Mke wangu akaziba simu kwa kiganja.

"Mpe," akaninong'oneza. "Mpe haraka."

Nimpe! Nikimpa ataingia, atakuta baba yake amejitoa, mwisho wa mwezi mlango unafungwa moja kwa moja, na hatakuwa na sababu ya kupiga tena maisha yake yote. Zile namba sita ndizo pekee alizokuwa anazihitaji kutoka kwangu duniani. Nikizishika, labda atakuja kwenye simu. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, nilikuwa nayaonja: mwambie aje azichukue mwenyewe.

Nami nikaijua ile sauti iliyokuwa inataka kuyasema. Ni ileile iliyosema usirudi.

"Sema kitu," mke wangu akanong'ona. Machozi yalikuwa yanamdondokea mkononi, na ule mkono bado umeziba simu. "Dakika inakwisha. Baba watoto, sema kitu!"

Akaondoa kiganja. Nilifungua mdomo, hakikutoka chochote. Upande wa pili nikasikia mnong'ono wa mwanamke, mfupi, maneno sikuyapata, lakini pumzi ile ningeitambua popote.

"Mzee, upo?" yule mtu akauliza. "Amesema kama hutaki, basi."